Mpira Uliopasuka Kwenye Mteremko

Ndugu zangu na mama zangu, mlionipokea hapa kila Jumamosi bila kuniuliza natoka upande gani, leo zamu yangu ya kutoa ushuhuda imefika. Miguu hii imepanda milima kwa baiskeli, lakini kusimama mbele ya watu walionyamaza namna hii haijazoea. Mnivumilie.

Wengi wenu mnaniona asubuhi nikipita na kinga, baiskeli yangu, nimevaa nguo zile za kubana, watoto wakinipigia kelele. Hamjui kwamba kinga nilijifunza kwa kukimbia vita. Siku tuliyotoka kijijini kwetu, huko mbele ya Nizi, mama alikaa nyuma yangu, amekumbatia sufuria, mimi nakanyaga. Alinipa sheria moja tu. "Ukisikia bunduki inalia, mutoto wangu, usiangalie. Acha kinga, lala!"

Ikalia. Nikaacha usukani, tukalala kwenye mtaro, nyasi zikatufunika. Iliponyamaza tukaendelea. Ikalia tena, tukalala tena. Ndivyo tulivyofika Bunia, tukiwa hai. Naona vichwa vinatikisika. Sheria hiyo ninyi mnaijua, na hakuna aliyefundishwa shuleni.

Hapa mjini nikawa nabeba makaa kwa kinga, kutoka njia ya Komanda. Siku moja, kwenye kilima, nikampita kijana mwenye baiskeli nyembamba kama panzi. Alikuwa kapteni wa timu ya mbio. Akanifuata akihema.

"Weye, nani anakusukuma?"

"Njaa," nikamjibu.

Akacheka mpaka akashuka. Wiki iliyofuata nilikuwa na panzi wangu mwenyewe, mali ya timu, na mama alinitazama kama mtu aliyeoa.

Mwaka ule ule tukapelekwa kwenye mashindano makubwa, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya milima. Kwa wasioyajua, mashindano yale hayaishi siku moja. Leo mnatoka mji huu, mnalala mji ule, kesho mnapanda tena, na kila kipande kinaitwa etapu. Mnakwenda kundi zima, bega kwa bega, gurudumu langu likikaribia kulamba la mwenzangu. Asubuhi ukungu umelala mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na ninyi mko juu yake, mnapumua mawingu. Ndugu zangu, nawaambia, nilidhani nimeacha vita mahali ambapo haviwezi kupanda.

Kwenye etapu ya tatu tulikuwa tunateremka. Kapteni wetu alikuwa nyuma yangu tu, na siku ile alikuwa na nafasi ya kushinda. Kona ikaja, na mbele yangu mpira wa mtu ukapasuka. Paa!

Sikuwaza. Mikono yangu iliacha usukani na mwili wangu ukalala. Kwenye lami, katika mbio zile, nikalala kama kwenye nyasi za kwetu. Niliwasikia wenzangu wakiniangukia, mmoja baada ya mwingine. Nilipofumbua macho nilikuwa nimefunika kichwa kwa mikono, nikingojea ya pili. Haikuja ya pili. Ilikuja gari ya timu, na mwalimu wetu akatoa kichwa dirishani.

"Uko unafanya nini? Unalala barabarani kama mbuzi?"

Kapteni alikuwa ameketi kando, mfupa wa bega umevunjika, uso mweupe. 

Nilirudi Bunia na ngozi iliyochubuka, na hiyo ilipona. Kitu ambacho hakikupona ni kicheko. Vijana wa pale wanapoegesha pikipiki waliniona nikipita kwa miguu: "Champion wa kulala! Kitanda iko wapi leo?" Nilicheka nao, kwa sababu mtu asiyecheka wanamzidishia. Nyumbani niliigeuza baiskeli uso kwa ukuta. Hata kuitia upepo nilishindwa, nikihofia pampu. Nikawaza: kama mpira tu unaweza kuniangusha, nitasimama wapi katika dunia hii? Mama aliniwekea chakula na kuondoka bila neno, na ukimya wake uliniuma kuliko kicheko cha vijana, maana sheria ile ilikuwa yake.

Kisha kapteni akaja. Mkono wake bado ulikuwa umefungwa shingoni. Nilitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini nyumba yetu haina mlango wa nyuma. Mnacheka. Chekeni tu.

Akakaa kwenye kidumu. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Acha ile. Niambie: ulisikia nini?"

Wengi walikuwa wameniuliza kwa nini nimeanguka. Kuhusu nilichosikia, hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Masasi ya bunduki," nikasema.

 Yeye ni mtoto wa mjini, lakini wa mji huu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Miye nilisikia mupira," akasema. "Basi, masikio yangu itasaidia yako. Ikipasuka, nitakuambia iko nini. Weye ushike tu usukani."

Kesho yake alirudi na mipira chakavu na pampu. Aliisimamisha pampu uani, akaanza kujaza mpira upepo kwa mkono mmoja, mimi nimekaa juu ya baiskeli nimeshika ukuta. Mpira ulipopasuka alipaza sauti: "Mupira!" Lakini mimi nilikuwa tayari chini. Na sikuwa peke yangu. Kando ya mbabula, jiko letu la makaa, mama naye alikuwa amelala kifudifudi, sombe yake ya majani ya muhogo yote imemwagika, mwiko bado mkononi. Tukatazamana pale chini, mama na mwana, mchuzi ukitiririka katikati yetu. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu kijijini.

"Weye kapteni," akasema bila kuinuka, "leo utakula mupira, maana sombe imekwisha!"

Tangu siku ile mama akawa mwanafunzi pamoja nami. Timu yote ilikuja kwa zamu. Tulikwenda hadi mteremkoni, mmoja akijificha nyuma ya ukuta na pampu, na wote wakipiga kelele mara tu mpira ukipasuka: "Mupira! Mupira, ndugu!" Majirani walituona wendawazimu. Polepole, moyo wangu uliendelea kuruka lakini vidole vikajifunza kubaki kwenye usukani.

Mashindano yalipokaribia tena, mwalimu hakutaka kunichukua. Kapteni akamwambia, "Bila yeye, miye sitoki." Mwalimu akanigeukia. "Sawa. Lakini ukilala tena, kinga inarudi kwa timu, na hadithi imekwisha." Hakuwa mtu mbaya, aliogopa mifupa ya vijana wake. Nikakubali.

Tulipofika kule milimani, kapteni alifanya jambo ambalo hakuniambia. Asubuhi, wakati waendeshaji wa nchi zote wanapanga mstari, alikuwa anapita kwa mmoja mmoja, kwa Kifaransa kibovu na kwa mikono, akiwafundisha neno. Nilidhani anatania watu.

Siku ya mlima mkubwa mvua ilitukuta juu. Wenzangu waliokuwa na nguvu zaidi wakaniacha kwenye mpando, nikavuka kilele pamoja na watu nisiowajua, kutoka nchi za mbali. Tukaanza kuteremka. Maji yalikuwa yanarukia macho, barabara inang'aa kama mgongo wa nyoka, na upande wa kulia hakuna ukuta, kuna bonde tu. Sikusikia sauti ya mtu yeyote wa kwetu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, leo isilie.

Ikalia. Mbele yangu kabisa, paa! Nilimsikia mama, kama siku ile tuliyokimbia kijijini, akisema lala. Vidole vilifunguka. Nawaambia ukweli, vilifunguka.

Na nyuma yangu mtu akapiga kelele, sauti ya kukwaruza, lafudhi ambayo sijawahi kuisikia: "Mupira! Mupira!" Mwingine kushoto akaipokea: "Mupira!" Watu wasiojua Kiswahili hata cha kuomba maji, katika mvua, kila mmoja akiogopa shingo yake mwenyewe, walikuwa wananiambia iko nini.

Nikashika. Yule aliyepasukiwa alisimama salama kando, nikampita, kona ikapita. Nililia mpaka chini, na mvua ilinificha.

Nilifika miongoni mwa wa mwisho. Kapteni alikuwa amengoja kwenye baridi, hajabadili nguo. Mwalimu aliniwekea blanketi mabegani, akanishika shingo. Yule mwenye sauti ya kukwaruza nilimtafuta. Hatukuwa na lugha. Nilimwonyesha sikio langu, nikaweka mkono kifuani. Akafanya hivyo hivyo.

Sitawadanganya kwamba imekwisha. Majuzi, transfoma ya umeme ilipolipuka karibu na soko, nilijikuta chini ya meza ya fundi cherehani. Fundi mwenyewe nilimkuta huko. Tukaambiana: ni umeme tu. Tukatoka.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, na mama yangu aliyekubali kuanguka nami mbele ya watu. Namshukuru kapteni, na wale wa nchi za mbali ambao majina yao siwezi kuyatamka. Na nina neno dogo la kuwaachia. Masikio yetu hayana ugonjwa. Yalijifunza vizuri yaliyofundishwa, na ndiyo yaliyotufikisha hapa. Ukimkuta mwenzako amelala chini, usimwulize kwa nini. Mwulize amesikia nini, kisha mwambie ulichosikia wewe.

Na kama kati yetu kuna mtu ambaye mvua ya mawe ikipiga mabati inamwingiza chini ya kitanda, asione haya. Tukimaliza sala nitakaa pale karibu na mlango. Sina haraka ya kwenda.