Masikio ya Mzee Saadi na Diski za Shambani Mbwera

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mzee Saadi Mkumba anakabidhi funguo za maktaba ya sauti ya redio yetu hapa Kibiti. Anayekabidhiwa ni mimi, Petronila, fundi mitambo, na niseme wazi tangu mwanzo: naogopa.

Alianza kwa kupokea salamu za wasikilizaji. Baadaye akapewa kinasa sauti, akazunguka kwa boti Salale, Maparoni na Mbwera akirekodi nyimbo za kupandia mpunga, zote akaziweka kwenye CD. Ana vituko vyake. Hasikilizi kitu kabla feni haijazimwa, na hata mkurugenzi akiingia na kikombe cha chai hutolewa nje.

Mwaka juzi nilifanya kosa ambalo hajanisimanga nalo hadi leo. Tulikuwa tumeletewa nakala zilizosafishwa Dar, zenye sauti kubwa na nzito. Nikaona, za zamani za nini tena? Nikampa Binti Sadala, mkulima wa Mbwera, diski kumi na mbili atundike shambani kufukuzia ndege. Mzee aliporudi kutoka likizo alisikiliza nakala mpya dakika tatu tu, akavua hedifoni, akauliza za mwanzo ziko wapi. Nikamweleza zilipo.

Kesho yake tukapanda boti. Alizifungua kambani moja moja, akazifuta kwa kanga ya Binti. Nne hazikusoma tena. Ile ya marehemu Bi Mwantum wa Salale ilisoma, na hapo ndipo nilipoelewa. Nakala iliyosafishwa imepandisha kila kitu sawasawa, na pale anapoimba chini chini kumbembeleza mjukuu mgongoni, wamemfuta wakidhani ni upepo. Kwenye diski ya MP3, nakala yetu ya tatu iliyobanwa ili isichukue nafasi, anasikika, ila anakwaruza kama bati.

Sasa tumeagizwa kuhamishia kwenye kompyuta toleo moja tu la kila rekodi, mengine yatupwe. Zimebaki rekodi mia mbili na sita, na mchaguzi ni mimi. Wiki hii Mzee amekuwa akinipima: anapiga diski, mimi nimegeukia ukutani, nitaje kama ni ya mwanzo, iliyosafishwa au ya MP3. Jana nilipatia saba kati ya kumi. Yeye alifurahi sana. Mimi niliziwaza zile tatu njia nzima hadi nyumbani.

Asante, Mzee Saadi, kwa masikio yako na kwa kunisamehe. Sote tunakuombea afya njema na raha ya nyumbani Ikwiriri. Ila simu, tafadhali, usiizime.