Siku Mama Reine Alipokuja Bila Furushi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni redio karibu, na aliye jikoni apunguze moto asije akaunguza mboga, maana leo tuna msiba. Tunamkumbuka Perpétue Kavugho, Mama Reine, aliyefariki mwezi uliopita hapa Kampala. Alikuwa mkimbizi kutoka Beni, Kongo. Alikuwa muuza vitenge. Na alikuwa msindikizaji wa wagonjwa wasio na mtu. Lishikeni hilo la mwisho: msindikizaji.

Habari hizi tumepewa na Nasike, Mkenya wa Bungoma, anayepokea watu katika kituo kimoja cha kusaidia familia za wakimbizi, bondeni chini ya kilima cha Naguru. Tulimwuliza kama tulifiche jina lake. Akasema, "Litajeni. Aliyekosea ni mimi, si jirani."

Mama Reine aliingia Kampala na binti yake mmoja, Reine, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mumewe alibaki nyuma, hakuonekana tena. Mara mtoto akashikwa na homa. Mama akampeleka hospitali, akaelezwa mambo kwa Kiganda, akaitikia kwa kichwa kama tunavyofanya tukiona haya, akatoka hajaelewa hata neno moja. Dawa akampa mtoto visivyo. Reine alipona, Mungu si Athumani. Lakini mama yake aliapa: "Mutu wa kwetu hataenda tena hospitali peke yake, mimi nikiwa na miguu."

Na miguu alikuwa nayo, jamani! Alichukua vitenge sokoni Kikuubo, akajitwika furushi kichwani, akaenda nalo mpaka Ntinda akiuza mlango kwa mlango. Lakini Jumatatu, siku ya daktari pale kituoni, alipitia kwanza benchi la wagonjwa, furushi kichwani, mgonjwa mkononi. Na kila mgonjwa alikuwa dada yake. Siku moja muuguzi, Mganda mcheshi, akamwuliza, "Nnyabo, kwani wewe dada iko ngapi?" Akajibu bila kucheka, "Wengine bado wanavuka mupaka."

Sasa, pale kituoni kuna desturi. Watu ni wengi, daktari ni mmoja, na wagonjwa wengi lugha haiwapandi. Kwa hiyo anayeulizwa kwanza ni msindikizaji. Nasike akitoka nje huwauliza, "Leo umemleta nani?" Anayetajwa anaingia. Desturi hiyo imewasaidia wengi. Mama Reine haikumsaidia.

Tufike Jumatatu yenyewe. Benchi limejaa, watoto wanalia, simu inaita. Nasike anatoka, anamwona Mama Reine ameketi, na roho yake inafurahi, maana akimwona huyu anajua kazi itakuwa nyepesi.

"Mama Reine, wewe hukosi! Hata mvua haikuzuii. Haya, leo umetuletea dada gani?"

Benchi zima likacheka. Mama Reine naye akacheka. Kando yake alikuwa mwanamke kijana aliyempakata mtoto, na yule mtoto alikuwa na homa, anatweta. Mama Reine akamtazama mtoto. Akamshika yule mwanamke bega.

"Huyu," akasema. "Ingiza huyu."

Nasike akawaingiza. Alipotoka tena, Mama Reine alikuwa anaondoka polepole, mkono kifuani. Na furushi hakuwa nalo. Narudia, wasikilizaji: furushi hakuwa nalo, na Nasike aliliona hilo. Mama Reine bila furushi, wapi na wapi! Akajisemea, "Afadhali leo ameamua kupumzika." Simu ikaita, akarudi ndani.

Ijumaa ya wiki ileile Mama Reine alianguka nyumbani kwake Katwe, akikunja vitenge vyake. Moyo. Reine alikimbia kutafuta boda, wakampakia, lakini walipofika hospitali alikuwa amekwisha kata roho.

Kwenye kilio Nasike alikuwa mstari wa mbele. Alichemsha chai, alipanga viti, alisimama akamsifu marehemu mpaka watu wakafuta machozi. Baada yake akasimama yule mwanamke wa benchini. Jina lake Olivia, na mtoto wake sasa alikuwa mzima, anavuta vuta sketi ya mama yake.

"Mimi huyu mama sikumujua," Olivia akasema. "Si yeye alinileta. Nilimukuta pale kwenye benchi, anashika kifua. Nilimuuliza, 'Mama, unaumwa?' Akaniambia, 'Ndiyo, niko nangojea Nasike.' Kisha akanipa nafasi yake."

Nasike anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari alikuwepo siku ile. Kipimo cha presha kilikuwepo mezani. Lililokosekana ni swali moja tu, na swali hilo lilikuwa kazi yake.

Angeweza kunyamaza. Olivia hakujua uzito wa alichokisema, na kwaya ilishaanza wimbo. Wenzake wa kazini, alipowaeleza, walimtetea: "Watu ni wengi, Nasike, na wewe una macho mawili tu." Kweli kabisa. Lakini macho yale mawili yaliona, na alijua yaliona. Kila akifumba macho anasikia kicheko cha benchi zima, na chake kikiwa juu ya vyote.

Mwishowe akaenda Katwe kwa Reine, ambaye sasa ni msichana mkubwa, msusi wa nywele.

"Reine, mdogo wangu, mamako alikuja kwangu Jumatatu ile. Alikuwa mgonjwa, na mimi nikamletea mzaha. Nilimwona hana furushi, na sikumwuliza."

Reine hakuinua uso. "Najua alikuja. Nilimuambia, 'Mama, nikusindikize.' Akakataa. Akasema, 'Baki na kazi yako. Nasike ananijua.'"

Reine akaendelea:

"Jioni nikamuuliza, 'Daktari alisema nini?' Akasema, 'Nasike alikuwa na watu wengi. Nitarudi Jumatatu.' Akasema tena, 'Lakini alinichekesha.'"

Hapo Nasike akalia kwa sauti, akaomba msamaha. Na Reine, wasikilizaji wapendwa, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema, "Siwezi kukuambia hakuna neno. Neno liko. Lakini umekuja kulisema mwenyewe. Kaa, unywe chai."

Jumatatu hii benchi lilijaa kama kawaida. Reine alifika, furushi la mama yake kichwani, na mkononi amemshika mzee Guerschom, jirani yao. Nasike akamwingiza mzee kwa daktari. Kisha akarudi nje. Simu ikaita, akaiacha iite. Akaketi benchini.

"Na wewe mwenyewe, Reine? Unaendeleaje?"

"Muzuri tu."

Nasike hakuinuka. Akangoja. Reine akashusha furushi, akaliweka miguuni, akalitazama.

"Silali, dada Nasike," akasema. "Tangu siku ile silali."

Kwa Reine, kwa kwaya aliyoimbia mama yake, kwa wote aliowaita dada na hata wale ambao bado wanavuka mpaka: poleni sana. Mungu ampumzishe Perpétue Kavugho, muuza vitenge, msindikizaji.

Na sisi tuliobaki? Kinyozi hajinyoi, ndugu zangu. Kila mtaa una Mama Reine wake, na sote tunamwita jasiri ili tusimwulize kitu. Mtaje wako moyoni sasa hivi, kabla hujaizima redio. Kisha mwendee. Usimwulize amemleta nani.