Miti Aliyoiombea Dada Yangu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Khamisi, kaa hapa kichwani; Nasma, miguuni; na wewe Mwajabu, mwana wa dada yangu, kaa popote utakapo, lakini usikilize, maana mengi ya haya ni yako.

Nyumba hii ya Kibiti gawaneni kwa sheria, ila theluthi niliyoruhusiwa kuusia ni ya Mwajabu, na asibishane naye mtu. Shamba la kule mtoni, ng'ambo ya Mohoro, msiligombee; mara ya mwisho nililiona limelala chini ya maji, na wavuvi wanatupa nyavu palipokuwa na mipaka yangu.

Watu husema ni mvua, na mvua kweli ilinyesha. Lakini pale ukingoni palikuwa na kichaka cha mikuyu na mivule, wazee walikitunza kwa tambiko, hakiingii shoka wala moto, na mtunzaji wake wa mwisho alikuwa dada yangu Mwanamkuu. Mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani, niliona watu wanaswali Ijumaa, kisha Jumamosi wanapeleka unga na kitambaa cheupe chini ya mkuyu, nikasema hii ni shirki. Hilo silifuti hata leo. Mwanamkuu akanijia barazani, akaniambia, "Kaka, vitambaa vichome, unga tutakula wenyewe, lakini miti iache, ndiyo inayoshika ukingo." Nikamjibu mbele za watu, "Anayeuonea mti huruma bado anauabudu." Watu wakacheka. Yeye akajifunga kanga yake akaenda, na tangu siku ile hakukanyaga kwangu.

Ijumaa nikatangaza msikitini kwamba kichaka kile hakina mwenyewe. Nilidhani nawaondolea watu hofu, kumbe hofu ile ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kupalinda, na mimi sikuweka kitu mahali pake. Jumatatu misumeno ikaanza. Mivule ikaenda mbao, mikuyu ikaenda mkaa, pakalimwa ufuta, nami nikaletewa mlango wa mvule kwa ajili ya chuo, nikaupokea kwa mikono miwili. Miaka mitatu ufuta ulikubali, nyumba zikaezekwa bati, nikasifiwa kwamba nimewafumbua watu macho. Halafu ukingo ukaanza kumeguka, hatua kumi, hatua thelathini, ukafika makaburini, hata siku moja Khamisi ukaja kuniambia kaburi la bibi yako halipo.

Nilipanda miche mara nne, peke yangu. Jirani yetu Mtoro aliing'oa mchana kweupe, akaniuliza bila hasira, "Mwalimu, si ulitwambia mti ni mti tu?"

Mafuriko ya mwaka juzi yakatumaliza. Kambini tulikohamishiwa, hema la dada yangu na langu yalitenganishwa na kamba moja ya kuanikia nguo. Aliugua homa siku tisa. Nilimsikia akikohoa, nikaswali, nikalala. Sikuivuka kamba ile, Mwajabu, kwa aibu, si kwa chuki. Niliivuka ulipotoka nje unalia, na alikuwa amekwisha kufa.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Nizikeni hapa hapa kando ya barabara, pamoja na wageni. Msinitafutie nafasi kwa wazee, hapapo tena. Asisimame mtu kunisifu. Mkifundisha watoto kuacha jambo, wafundisheni na la kushika, ingawa sioni atakayewasikiliza, mimi mwenyewe nimewazibisha masikio.

Mungu awape mahali pa kukaa, mzeekee hapo hapo, wala msihamishwe na maji wala na maneno ya mtu kama mimi.

Mwajabu, naomba radhi ya mama yako kwako... Unatazama pembeni. Usijilazimishe, mwanangu. Pumzi inakuwa fupi. Khamisi, Nasma, nigeuzeni ubavu wa kulia, nyinyi wawili. Yeye mwacheni. Asinishike mpaka moyo wake... utake wenyewe.