Mtambaapanya wa Kigari cha Mwalimu

Kijiwe cha gerejini ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, nao umeelekezwa kwenye tuta la barabarani kwa makusudi. Kila gari linapopanda tuta na kushuka, watu wa ubaoni, vikombe vya kahawa mikononi, hufumba macho wakasikiliza linavyogonga. Hiyo wanaiita kusoma gari. Dereva akisimama hukuta ugonjwa umeshatajwa na dawa imeshaandikwa hata kabla hajafungua mlango, na wenyewe wanajivunia jambo hilo kama mzazi anavyojivunia mtoto aliyesoma. Cheche, fundi wa kuchomelea, kazi yake ni kutekeleza hukumu. Leo ni siku ya nne tangu Mwalimu, mteja na rafiki yao, azikwe, na Cheche hajawasha mashine yake hata mara moja. Amekaa mwisho wa ubao, kahawa imempoa mkononi, anawasikiliza wenzake wakibishana kama chuma alichomchomelea Mwalimu ndani ya kigari chake kilimsaidia au kilimuua.

— Mimi nasema chuma hakina kosa, alisema Injinia, ambaye maisha yake yote ametengeneza redio. Kigari kidogo kama kile, nyuma kiko wazi kama debe lisilo na mfuniko. Ukikata kona, debe linajikunja. Lakini ukipitisha mtambaapanya toka shokapu ya kushoto mpaka ya kulia, debe limekazika. Gari linaingia kona likiwa limenyooka.

Jina la mtambaapanya lilizaliwa hapo hapo ubaoni, kwa kuwa chuma chenyewe kilikatiza ndani ya buti kama boriti ya dari.

— Limenyooka mpaka kwenye tangi la maji, alisema Tani Kumi.

Hakuna aliyecheka. Tani Kumi aliendesha malori miaka thelathini, na mzaha wake humtoka kabla yeye mwenyewe hajauona. Kona ya tangi la maji ndipo kigari cha Mwalimu kilipoiacha barabara, Alhamisi asubuhi, manyunyu yakianguka, siku kumi na mbili baada ya kuwekewa chuma.

— Nisameheni, alisema. Lakini ukweli usemwe. Gari ni kama mtu, lazima kiuno kilegee. Mfunge mtu ubao kiunoni, umwambie kimbia, uone akifika kwenye kona. Anakwenda chini mzima mzima. Nyuma ikikazwa mno, tairi linaachia. Wala halikuagi.

— Siku tuliyopiga kura ulikuwepo, alisema Injinia.

— Kura gani?

— Ya kuweka chuma. Mkono wako ulikuwa juu kuliko wetu sote.

— Nilikuwa najinyoosha.

Shangazi, muuza kahawa, aliligonga birika kwa kijiko.

— Mwacheni marehemu apumzike.

— Marehemu tumemwacha, Shangazi, alisema Tani Kumi. Sisi tunazungumzia gari.

— Cheche, na wewe sema basi, alisema Injinia. Kazi ni yako.

— Sijui.

— Fundi hasemi sijui.

— Huyu anasema.

Juzi alikwenda kituo cha polisi kuliona gari. Mlango wa dereva ulikuwa umeingia ndani mpaka kwenye kiti, paa limekunjamana, kioo hakuna hata kimoja. Alifungua buti kwa kulivunja. Humo ndani chuma chake kilikuwa kizima, kimenyooka, mistari ya kuchomelea imelala vizuri kama alivyoiacha. Alichutama akakipapasa toka mwisho mpaka mwisho, akitafuta ufa. Aliutaka ufa ule kwa moyo wote. Angeuona angejua amekosea nini, angekubali, angelia, yakaisha. Chuma kizima hakikumwambia kitu, na tangu hapo kila akiishika mashine huirudisha chini.

— Basi nisikilizeni, alisema Injinia, sauti imeshuka kama mtu anayetoa siri. Chuma kikibana pande mbili, mtetemo hauna pa kutokea. Unarudi ndani. Unazunguka kwenye bodi, unazunguka, kila siku unaongezeka. Siku ukijaa, unatokea kwenye usukani.

— Siku kumi na mbili kamili? aliuliza Tani Kumi.

— Inategemea urefu wa gari.

— Hapana, hapana, alisema Tani Kumi. Ni ile kona. Ile kona inavuta. Tangi lile ni chuma tupu juu mpaka chini, na chuma huita chuma. Gari la kawaida linavutwa kidogo, dereva hajui. Gari lililoongezwa chuma nyuma, je?

— Wewe ulikuwa unapita pale na tani kumi za nondo, alisema Shangazi. Mbona hukuvutwa?

— Nilikuwa napita mbio.

Cheche alitamani kuwafokea, akashindwa, maana aliwaelewa. Kila neno lao lilikuwa linakisogeza kifo cha Mwalimu mbali kidogo na ubao. Naye pia angefurahi kifike huko tangini, kikae huko huko.

Ndipo mke wa Mwalimu akatokea upande wa pili wa barabara, mkoba begani, amevaa viatu vyake vya kazini. Wote walisimama.

— Shemeji. Pole, shemeji. Pole sana. Njoo ukae.

— Asanteni, shemeji zangu. Sitakaa. Nina swali moja tu, nikishajibiwa nakwenda.

Cheche aliweka kikombe chini. Swali alilijua, alikuwa amelala nalo siku nne.

— Shemeji, alisema, kile chuma nilikichomelea mimi. Kama ndicho kilichomuua, niambie hapa hapa.

— Mambo ya chuma siyajui, na sikujia hayo. Ile Jumamosi aliyolileta gari hapa, mimi nilikuwa nawahi zamu. Aliniambia pale mlangoni, gari lina kitu, nakwenda kumwambia fundi. Nikamwambia utanieleza jioni. Alikuwa anakuja kuwaambia nini?

Injinia alimtazama Tani Kumi. Tani Kumi alitazama barabara.

— Lilikuwa linayumba nyuma, alisema Injinia.

— Alisema hivyo?

— Lilisikika, shemeji. Lilipopanda tuta sote tulisikia.

— Yeye alisema nini?

Cheche aliiona tena Jumamosi ile. Mwalimu anashuka garini, anamsalimia kila mtu kwa zamu yake, na Tani Kumi ameshaingiza kichwa ndani ya buti. Injinia anachora kwa chaki. Mwalimu anainua kidole nusu, mdomo umefunguka, kisha anakishusha na kucheka na wenzake, maana alikuwa mtu asiyependa kumkata mwenzake kauli. Anawanunulia wote kahawa. Baadaye anakuja mpaka kwenye mashine, anainama.

— Alianza kuniambia, alisema Cheche. Alisema, fundi, nikikanyaga... Nikamwashiria ageuze uso, mwanga usimchome macho. Nikawasha mashine.

— Akikanyaga nini?

Pedali ni tatu. Breki, klachi, mafuta, Cheche alizipitia zote kichwani, na kila moja ilimleta Mwalimu kwenye ile kona.

— Sijui, shemeji.

— Ulipozima mashine hukumuuliza?

— Sikumuuliza.

— Na nyinyi?

Injinia alikuwa amevua kofia.

— Alikaa hapa muda gani? aliuliza mke wa Mwalimu.

— Masaa matatu, alijibu Shangazi.

Cheche alisubiri laana. Aliitaka, aliona aibu jinsi alivyoitaka. Mwanamke yule alimtazama tu, macho makavu, akaushusha mkoba toka begani kana kwamba umekuwa mzito ghafla.

— Masaa matatu, alisema. Mimi nililala naye kitanda kimoja siku kumi na mbili, na sikumuuliza.