Marehemu Bado na Wimbo Mmoja Mzima

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu, familia imemtuma kaka mkubwa wa marehemu kuyasoma haya, naye anaomba radhi mapema mkisikia hasira katika maneno yake, maana anayo, na leo hakuona sababu ya kuificha.

Marehemu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Bado, alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika hospitali ya wilaya, akiwa kitindamimba wa mzee wetu dereva wa lori na mama yetu mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu Novemba 2003 na kuajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya bila lawama, kwa sababu lifti alikuwa anazimaliza, nyimbo ndizo zilimshinda. Jina la Bado tulimpa nyumbani, kwani ukimuuliza kama amekula, ameoga, yuko tayari, jibu lilikuwa hilo hilo.

Mwezi Juni 2005 alianzisha bendi pamoja na kinyozi aliyepiga gitaa la besi, mwalimu wa chekechea aliyepiga kinanda, na kijana mpiga ngoma ambaye baadaye alikuja kuwa shemeji yetu. Hawakuwa na kampuni wala meneja, na chumba cha mazoezi walikikosa mpaka muuguzi mmoja alipowaazima gereji yake kwa sharti kwamba yeye hukesha kazini na kulala mchana, kwa hiyo atakayemwamsha atoke na ngoma zake. Basi ngoma zikafunikwa taulo, gitaa likapigwa kwa ncha za vidole, na Bado akaimba kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto, na hapo ndipo ulipozaliwa muziki ule mlioupenda, mwepesi, wa kuchezeka, huku maneno yake yakilia na bili ya maji na mapenzi yaliyopoa, hata muuguzi mwenyewe akawa anasema kwamba wakinyamaza ndipo anapogutuka.

Tarehe 8 Septemba 2007 alifunga ndoa na dada wa mpiga ngoma, wakajaliwa mabinti wawili. Mkewe hakumwomba makubwa, alimwomba wimbo mmoja tu, ule aliomtungia mwaka wa harusi yao, urekodiwe mzima, toka mwanzo hadi mwisho, wanawe waje wausikie. Lakini bendi ilikuwa na utaratibu wake, kidole kikiteleza, sauti ikikwaruza kidogo tu, Bado anasema futa, na shemeji mwenye kushika rekoda anafuta papo hapo bila ubishi. Watu wa redio walikuja wakaondoka mikono mitupu, kaka yake, huyu anayewasomea, alimfokea mbele za watu, tukamwambia ngojangoja huumiza matumbo, naye akatujibu haraka haraka haina baraka, akacheka, akaenda zake gereji.

Mwaka 2022 mapafu yalianza kumsumbua, na Februari 2024 akalazwa. Jumapili tarehe 5 Mei, kwa kuona mke wake anavyokonda, alikubali, wenzake wakaleta vyombo wodini, shemeji akapiga ngoma kwenye kiti kilichotandikwa taulo, na Bado akauimba wimbo wote, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikiliza. Kwenye mstari wa mwisho kikohozi kikamponyoka, akasema futa, na mkono wa shemeji, uliozoea kutii miaka yote hiyo, ukafuta kabla akili haijauliza. Wakakubaliana kurudia kesho. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 6 Mei mdogo wetu alifariki dunia.

Jamani, inauma! Mjane hakumsemesha kaka yake mpiga ngoma tangu siku hiyo, na sisi wengine tulimsema vya kutosha, ingawa kila mmoja wetu anajua amri ilikuwa ya nani. Jana mchana kinyozi na mwalimu walikaa sebuleni kujaribu kuukumbuka wimbo, wakagombana kuhusu ubeti wa mwisho, ndipo mjane akamwita kaka yake kutoka uani, akamwambia awashe rekoda aimbe. Aliimba vibaya, akilia, makamasi yakimtoka, akafika mwisho na mwenyewe akaomba afute. Mjane alimnyang'anya rekoda, akasema kwamba mwisho haukuwa vile, kisha akaitia kwenye mkoba wake, na hadi sasa hajamruhusu mtu kuigusa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ngoma wodini, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake waliobeba jeneza, na mama mwenye gereji, aliyefika leo akitoka moja kwa moja kazini, hajalala.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu, ingawa sisi hatujamaliza kukugombeza.