Orodha ya Mama Imefungiwa Ndani

Benchi letu liko mbele ya karakana ya seremala tunayemwita Msasa. Asubuhi ile alitoka na kahawa mkono mmoja, simu ya marehemu mama yake mkono mwingine, uso umekunjamana. Kabla hajafariki, mama alipanga kwenye simu ile nyimbo za kupigwa harusini kwa bintiye. Harusi ilikuwa kesho. Programu aliyotumia, kampuni yake imeifunga. Ukiigusa inakuambia kwaheri kwa adabu, basi.

— Hata orodha hawakurudishii? aliuliza Profesa, ambaye cheo chake kilitokana na miwani.

— Wanasema haitoki, alijibu Msasa.

Betri, fundi simu, alipuliza kahawa yake.

— Angeitoa mapema kama faili ya wazi, tusingekuwa hapa. Ni maandishi matupu: jina la wimbo, mwimbaji, kwisha. Programu yoyote inaisoma.

— Si wewe uliyemwekea programu hii? Msasa alimuuliza.

— Aliniomba muziki, hakuniomba ushauri.

— Mnajisumbua, alisema Profesa. Wakikupa orodha yako, kesho utahamia kwa jirani. Ni mwenye nyumba anayekuambia hama, ila kabati linabaki.

— Kabati nimelichonga mwenyewe!

— Ndiyo maana analitaka.

— Mimi naona wameiuza, Betri alidakia. Saa hizi kuna tajiri ng'ambo anamwozesha binti kwa nyimbo za mama yenu.

— Afadhali hilo. Hawa wanatafuta wimbo gani unakuliza, Profesa alinong'ona. Wakishaujua, wanakuuzia leso.

— Nitawashtaki!

— Kwa lipi? aliuliza Profesa. Mama alibonyeza "nakubali" chini ya masharti yao.

— Na wewe?

— Nimeyakubali yote. Ndiyo maana sithubutu kuyasoma.

Tulicheka. Msasa hakucheka. Hapo akatokea dada yake, bibi harusi mwenyewe, kichwa kimejaa vibanio vya nywele, kalamu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu, alijibu Profesa kwa niaba ya wote.

— Kaka, achana na hiyo simu. Mpiga muziki yuko nyumbani, nyimbo anazo tele. Anataka majina tu.

— Majina?

— Si mama alikuwa akizipiga kila jioni humo ndani, wewe ukipiga randa? Na nyie hapo nje mkitikisa vichwa? Haya, nawasikiliza. Wa kwanza ulikuwa upi?

Msasa alimtazama Betri. Betri akatazama ndani ya kikombe. Profesa alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta sana.

— Ulikuwa... wa taratibu, Msasa alisema.

— Unaitwaje, kaka?

Alijaribu kuuimba kwa puani. Ulitoka wimbo wa tangazo la sabuni.

Dada aliendelea kusimama, kalamu hewani, akitutazama mmoja mmoja.