Mtaimbo wa Katibu Hautundikwi Ukutani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Katibu wa tawi letu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne chini ya ardhi, ishirini na saba kati ya hiyo akiwa kiongozi wa chama. Wasifu huu umeandikwa na mama yake mzazi, aliyepika kantini ya mgodi huu miaka kumi na tisa, kwa hiyo asije mtu akasema mimi mgeni. Aliyepaswa kuuandika ni Mwenyekiti. Alileta nusu ukurasa, na ndani ya nusu hiyo Katibu kageuzwa mfanyakazi wa ghala la magunia! Kamati ikamrudishia karatasi yake, ikaja kwangu. Darasa langu la saba linatosha.

Katibu aliingia mgodini na miaka ishirini na sita. Kuchimba potashi, chumvi ile nyekundu ya kutengenezea mbolea, ni kazi isiyo na huruma. Chumvi inakula buti, inakula baiskeli, inakula mpaka bawaba za makabati ya nguo. Lakini la kuogopa zaidi ni dari. Tabaka moja hujitenga na jingine taratibu, na kwa macho huoni kitu. Inabidi ugonge kwa mtaimbo, usikilize. Dari nzima inalia kwa ukali, mbovu inaitika kama pipa tupu.

Sikio hilo hakupewa na mgodi, alizaliwa nalo. Ana miaka minane alikuwa akigonga tanki letu la maji, hajapanda, hajafungua mfuniko, anasema, "Mama, yamebaki ndoo nne." Nakinga, ndoo nne kamili. Watoto wa wenzangu nao waligonga matanki, wao wakaambulia viboko.

Mwaka wake wa saba kazini, kipande cha dari kilimponda mguu fundi umeme. Bosi akasema ni bahati mbaya. Katibu akasema si bahati, ni uvivu wa kukagua, na watu hawakushuka siku tisa. Siku ya kumi ukaandikwa mkataba: hakuna zamu itakayoingia kazini kabla mwakilishi wa chama hajagonga dari kwa mkono wake. Tangu hapo mwanangu alikuwa wa kwanza kushuka kila alfajiri, na tangu hapo dari haijamwumiza mtu. Hata mmoja. Someni tena hapo.

Wenyeviti wanne wamepita juu ya kichwa chake. Wa kwanza alipenda gari la chama kuliko chama. Wa pili alilala vikaoni macho wazi. Wa tatu aliahidi mabafu ya maji moto, na mpaka leo watu wanaoga maji ya baridi na ahadi yake. Huyu wa sasa anapenda picha. Helmeti yake ina miaka kumi na moja na bado ina stika ya dukani.

Mwaka jana alileta wageni kutoka makao makuu. Akashusha kiti cha kukunja, meza, na soda. Akampokonya Katibu mtaimbo, akagonga mara mbili mbele ya kamera, akatangaza, "Imara! Hii dari itawaona vitukuu wetu." Katibu alishasikia pipa tupu. Mtu mwingine angemwaibisha, lakini huyu nilimlea mimi. Akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, tusogee pale mbele, wageni wapate hewa." Wakasogea. Nusu saa haikufika, dari ikashuka, kiti kikawa bapa kama bahasha. Vumbi halijatulia, Mheshimiwa yuko kwenye lifti. Kwenye jarida la chama akaandika kwamba uongozi uliendesha zoezi la tahadhari.

Sasa bwana huyo kakubaliana na bosi kwamba Katibu akiondoka, kugonga kuishe. Dari itakaguliwa kwa fomu, mtu akiwa ofisini, anaweka alama ya vema. Mkataba bado unadai mwakilishi mwenye mtaimbo, lakini wamepatana kwamba Jumatatu asipopatikana wa kuushika, fomu inachukua nafasi. Ndiyo maana Mwenyekiti ametengeneza sanduku la kioo. Anataka kuutundika mtaimbo wa mwanangu ukumbini, na ukuta kishautoboa. Eti ni heshima.

Mtaimbo uko kwangu. Katibu aliuleta Jumanne niufute kutu, siku hizi za mwisho anagongea wa kuazima, nikausugua kwa msasa na kuupaka mafuta. Kwenye ratiba ya Ijumaa, kipengele cha saba, imeandikwa Mwenyekiti atapokea kumbukumbu. Hatapokea kitu. Nitaubeba mwenyewe mpaka jukwaani na kumkabidhi binti anayeendesha mashine ya kupakia. Katibu amemfundisha miaka miwili, na kamati imemchagua Jumatano, kura kumi na moja kwa mbili. Mwezi uliopita wanaume wawili waliipitisha dari, yeye akaikataa. Ilianguka kabla ya chakula cha mchana. Jumatatu alfajiri atashuka wa kwanza, na ninyi wengine subirini kwenye lifti mpaka awaite.

Sanduku la kioo lisipotee bure. Mwenyekiti aweke humo helmeti yake, ni safi vya kutosha.

Katibu, mwanangu, wenzako wanakushukuru kwa kila jioni waliyorudi nyumbani na miguu yao yote. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua likuchome, uzeeke vizuri mbele ya macho yangu. Ukikosa cha kugonga, tanki lipo palepale. Nami bado nakinga.